Darubini ya kioo sio mbovu, ni vioo tu havijatazamana

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Tudor. Wiki jana mlichapa barua ya msomaji mmoja wa Kisauni alosema darubini za kioo ni takataka, ati yeye kaletewa moja na shemeji yake kutoka Uingereza, kaipandisha juu ya paa la flati, kaielekeza Mshtarii, na alichokiona ni doa jeupe lenye mkia upande mmoja, hakuna mistari wala nini, kwa hivyo anawashauri wazazi wa Mombasa wasitupe pesa zao, wanunue za lenzi. Naomba nafasi nimjibu ndugu yangu huyo kwa heshima, manake ule mkia alouona ndo jibu lenyewe, na darubini yake naamini ni nzima.

Darubini ya kioo, ile aina alotengeneza Isaac Newton mwaka 1668, haina mambo mengi ndani. Chini kabisa ya bomba kuna kioo kikubwa kilichochimbika kidogo katikati, hicho kinakusanya mwanga na kuurudisha juu, alafu karibu na mdomo wa bomba kuna kioo kidogo bapa kimelazwa digrii 45, chenyewe kinaupokea ule mwanga na kuutoa ubavuni, kwa fokasa, pale unapochomeka lenzi ya jicho. Vioo vyote viwili vimeshikwa na skrubu na springi. Sasa chukua kitu kama hicho, kipakie kwa meli, kishushwe Kilindini na watu walo na haraka zao, kisha kimalizie safari kwa tuktuk hadi Kisauni na matuta yote yale, alafu ushangae mbona hakionyeshi? Skrubu zimecheza. Kioo kikubwa kinaangalia kule, kidogo kinaangalia huku, na nyota badala ya kuwa nukta inatoa mkia, ambao wenyewe wanauita koma. Kuvirudisha vioo vitazamane sawasawa ndo kukolimeti, na ni kazi ya kila mwenye darubini ya aina hii, vile mpiga udi hukaza nyuzi kwanza ndo taarabu ianze. Za lenzi ni kweli hazina usumbufu huo mwingi, lakini ulizia bei ya lenzi ya upana wa milimita 200 alafu urudi hapa tuzungumze.

Lakini kilichonifanya niandike zaidi ni kwamba hapa mjini hamna anayewaambia watu haya. Kuna duka moja, sitalitaja, tulipeleka darubini ya mpwa wangu, fundi akamulika tochi mdomoni mwa bomba, akachungulia, akatikisa kichwa, akasema kioo kimekufa, kinataka kubadilishwa, na bei alotaja unanunua darubini nyingine na chenji inabaki. Kioo kilikuwa na vumbi tu. Tukairudisha nyumbani, tukachomeka kamera kwa fokasa, tukafungua laptopu, na pale kwa skrini hata dadangu, ambaye nyota hazimhusu kabisa, akasema kwani hiki kiduara si kimekaa pembeni? Kilikuwa pembeni kweli, na kulikuwa na skrubu za kukirudisha, bure.

Kioo kibovu kipo, sikatai. Darubini ya Hubble ilipopelekwa angani mwaka 1990 iligundulika kioo chake kimesuguliwa vibaya, ukingoni kimekuwa bapa kupita kiasi kwa maikroni 2.2 hivi, na hapo hakuna skrubu ya kukusaidia, ikabidi wanaanga waende Desemba 1993 wakaweke vioo vya kurekebisha. Hilo ni umbo. Letu sisi ni mwelekeo tu. Ukitaka mfano wa mwelekeo tazama James Webb, darubini nyingine ya angani, kioo chake cha mita 6.5 kimeungwa na vipande 18, na mwanzoni mwa 2022 walipoielekeza kwa nyota moja inayoitwa HD 84406 walipata nukta kumi na nane badala ya moja, kila kipande kinaangalia kwake. Programu za kompyuta huku chini zikasoma zile picha, zikapiga hesabu kila kipande kisogezwe wapi, wakavisogeza kidogo kidogo hadi nukta zikawa moja. Kazi yetu ya juu ya paa ni hiyo hiyo, ila sisi kinachosogeza ni vidole.

Watu huuliza, sasa sawasawa yenyewe ni kiasi gani? Inategemea namba ya f ya darubini yako. Chukua urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo kikubwa hadi pale mwanga unapokutana kuwa picha, ugawanye kwa upana wa kioo: bomba la milimita 1200 lenye kioo cha 200 ni f/6. Zidisha hiyo namba kwa yenyewe mara tatu, yaani 6 kwa 6 kwa 6, alafu zidisha na 0.022, unapata upana wa ile sehemu ya katikati ambayo picha yake haijachafuliwa na koma, kwa milimita. Ya f/8 inakupa milimita 11, unaweza kuipanga ovyo na bado ikakuonyesha kitu. Ya f/6 inashuka hadi 4.8. Ya f/5 ni 2.8. Ya f/4, hizo fupi nene wanazopenda wapiga picha, ni 1.4 tu, na ukikosa hapo basi hata ununue lenzi ya jicho ya bei gani utaona matope. Hii ndo maana mtu mmoja atakwambia mimi sijawahi kugusa skrubu na yangu inaonyesha vizuri tu, na mwingine analia kila wiki. Wote wawili wanasema kweli.

Zamani, na hadi leo, kazi hii ilifanywa kwa jicho: unachukua kifuniko chenye kitundu katikati, unakiweka kwa fokasa, unachungulia. Inafanya kazi. Shida yake ni kwamba jicho liko juu kwa fokasa na skrubu za kioo kikubwa ziko chini kabisa nyuma ya bomba, na mkono wa binadamu hauna urefu huo, kwa hivyo unamweka mtoto kule chini unampigia kelele geuza kidogo, hapana, rudi, upande ule mwingine, sio hiyo, na mwisho wake ni ugomvi. Kamera inamaliza ugomvi huo. Unachomeka webkamu ya kawaida ya USB mahali pa lenzi ya jicho, laptopu unaiweka chini karibu na wewe, unageuza skrubu huku unaangalia skrini. Na picha imekuzwa, mtu mwenye macho ya miaka yangu anashukuru.

Webkamu yenyewe inahitaji kushikwa katikati ya fokasa, na hapa kuna kitu kizuri cha bure, kile kikopo cheusi cha plastiki cha filamu za kamera za zamani za milimita 35. Kinaingia kwa fokasa ya inchi moja na robo kana kwamba kiliagizwa. Mastudio ya picha ya zamani huko mjini huenda bado wanavyo kwa droo. Unatoboa kitako katikati, unaigandisha webkamu kwa nje lenzi ikiangalia ndani ya bomba, basi.

Upande wa programu hamna haja ya kununua chochote. SharpCap na FireCapture ni za kurekodi picha za sayari, lakini zote zinaweza kukuchorea msalaba na maduara juu ya picha ya kamera. Kuna kiprogramu kingine kidogo sana cha Windows, Mire de Collimation, kazi yake ni hiyo moja tu, kinachora maduara yaliyo ndani kwa ndani na kuyaelesha juu ya dirisha lolote lililo wazi, unayakuza, unayapunguza, unayasogeza. Na kama laptopu ni ya kazini na hairuhusu kutia programu, chukua nailoni ngumu inayoonyesha, chora maduara kwa bikari na kalamu ya wino mzito, ibandike kwa skrini. Msicheke, inafanya kazi ile ile.

Kabla ya yote, kioo kikubwa kiwe na alama katikati. Nyingi za siku hizi zinakuja nayo. Kama haina, nenda duka la vitabu, nunua vile viduara vya kubandika kwenye matundu ya karatasi za faili, kimoja kinatosha, ukipime katikati kwa uangalifu ukibandike juu ya kioo. Najua mtu atashtuka, kubandika karatasi juu ya kioo! Haidhuru kitu. Pale katikati daima ni kivuli cha kioo kidogo, mwanga wa nyota haufiki.

Sasa washa kamera uone. Utaona duara ndani ya duara ndani ya duara, na mara ya kwanza kichwa kinazunguka, kwa hivyo zibeni mengine kwanza. Tia karatasi nyeupe ndani ya bomba kati ya kioo kidogo na kikubwa, na karatasi ya rangi, nyekundu au kijani, upande wa ndani unaotazamana na fokasa. Hapo unabaki na kitu kimoja tu, ukingo wa kioo kidogo, umejichora vizuri juu ya ile rangi. Weka duara la programu juu yake. Kama kioo kinaonekana yai badala ya duara, kimezunguka, kishike ukirudishe. Kama ni duara lakini limekaa juu au chini ya msalaba, kisogeze kwa ile skrubu ya katikati. Hapa ndo programu inamzidi mtu mbali sana, manake jicho letu likiona yai jembamba kidogo linalisamehe linaliita duara, ila ukiweka duara la kweli juu yake unaona pale, mwanya kushoto, kulia hamna.

Ukitosheka toa karatasi. Sasa zile skrubu tatu ndogo za kioo kidogo, nyingi zinataka bisibisi au alenkii, unazigeuza kidogo sana, unalegeza moja unakaza mwenzake, hadi ile alama ya katikati ya kioo kikubwa ije ikae juu ya msalaba wa skrini. Bomba liwe limelala wakati huu, nasisitiza, limelala, bisibisi ikikuponyoka ianguke sakafuni isiende kutua juu ya kioo kikubwa. Alafu unahamia nyuma, kwa skrubu za kioo kikubwa, na huku unatafuta kingine: ndani ya ile alama utaona taswira ya kamera yako yenyewe inakutazama, kijicho cha lenzi. Kilete ndani ya alama, katikati. Nyuma huko mara nyingi kuna skrubu sita, tatu za kusogeza na tatu za kufungia, na zile za kufungia ndo balaa, ukizikaza zinavuta kioo tena, kwa hivyo kaza huku macho yako kwa skrini, kidogo hii, kidogo ile, ukiona alama inatoroka simama. Mtu anayefanya kwa jicho hawezi kuona hilo likitokea. Wengi wanapanga vizuri kabisa, wanafunga, wanaharibu, na hawajui.

Sasa nifike kwa mambo yanayoniudhi, manake kuna watu wakishaona maduara kwa skrini wanadhani kompyuta imeshahukumu. Kompyuta haijahukumu chochote. Inachora duara pale ulipoiambia ichore. Kama kamera yako imekaa upande ndani ya fokasa, utapanga darubini nzima kwa uangalifu mkubwa kuelekea mahali pasipo. Kipimo chake ni rahisi: bila kugusa skrubu yoyote, izungushe kamera ndani ya fokasa nusu duara. Ile alama ya kioo ikibaki palepale kwa msalaba, kamera iko sawa. Ikitembea, kamera yenyewe ndo imepinda, na katikati ya kweli ni katikati ya ile njia iliyotembea, peleka msalaba wa programu huko. Hili la kuusogeza msalaba kwa skrini bila kugusa chuma ndo faida kubwa kuliko zote kwangu mimi. Leza, kile kitaa cha mwale mwekundu kinachochomekwa kwa fokasa kupangia vioo, huwezi kuifanyia hivyo. Hizi leza za bei ya chini zinazouzwa kama ndo dawa ya kila kitu nyingi zimetoka kiwandani zimepinda, zizungushe kwa fokasa uone ile nukta nyekundu inavyochora duara kwenye kioo badala ya kutulia, na mwenye nayo anaiamini kuliko macho yake.

La pili, na hili ndo linaharibia watu wengi darubini za f/5 na f/4. Ukimaliza kila kitu vizuri, utaona ule weusi wa kioo kidogo, kivuli chake ndani ya kioo kikubwa, hakijakaa katikati. Kimesogea upande wa kioo kikubwa. Mtu anatazama maduara yake mazuri ya programu, yote yamo ndani kwa ndani ila hili moja limekaa kando, roho haitulii, anaanza kulivuta, anageuza skrubu za hapa na za pale hadi kila duara liwe katikati, picha inapendeza kweli, na darubini ameiharibu. Kile kivuli kinatakiwa kikae kando. Mwanga unaotoka kwa kioo kikubwa unakuja ukipungua upana kadiri unavyopanda, na kioo kidogo kimelala kwa mshazari, kwa hivyo ule upande wake ulio karibu na kioo kikubwa unakutana na mwanga ukiwa bado mpana na upande wa juu unakutana nao umeshakonda, na ili kioo kidogo kiushike wote sawasawa lazima kishuke kidogo kuelekea kioo kikubwa na kisogee kidogo mbali na fokasa. Hesabu yake: upana wa kioo kidogo gawanya kwa mara nne ya namba ya f. Kioo cha milimita 50 kwenye f/5 ni 50 gawanya kwa 20, milimita 2.5 za kushuka na 2.5 za kusogea. Kwenye f/8 ni kidogo hata hutaiona, ndo maana maelezo mengi ya wanaoanza yanachorwa na kila kitu katikati, hayakudanganya, yalichorewa darubini nyingine.

Alafu kuna zile fupi zinazodai urefu wa fokasi wa milimita 1000 na bomba lenyewe ni nusu ya hapo. Ndani ya fokasa yake kuna lenzi imefichwa, ndo inayorefusha. Kamera ikitazama kupitia lenzi hiyo maduara yanapotoka yote, na leza pia inatawanyika. Hiyo lenzi itolewe kwanza ndo upange. Kama haitoki, programu hizi hazikufai, nenda moja kwa moja kwa nyota.

Na nyota ndo mahakama ya mwisho kwa darubini zote, iwe umetumia kamera, leza au jicho. Unachukua nyota kali, unaiweka katikati kabisa, unakuza sana, unaitoa fokasi kidogo, kidogo tu, hadi ianze kutoa pete. Pete zikikaa zote katikati moja, umefika. Zikibanana upande mmoja bado. Ukiitoa fokasi sana ikawa sahani kubwa yenye tundu, kosa dogo linajificha, wengi wanaishia hapo wanajipongeza.

Sasa vitabu vyote vya wazungu, na video zao, wanakwambia tumia Polaris, Nyota ya Kaskazini, manake haitembei. Jamani. Mombasa tuko digrii 4 kusini mwa ikweta, Polaris iko chini ya upeo wa macho kwetu sisi, maisha yako yote hutaiona ukiwa hapa, hata upande juu ya mnara gani. Na nyota zilizopita utosini mwetu ndo zinazokimbia kuliko zote, sekunde 15 za tao (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao) kwa kila sekunde moja ya saa. Ukikuza mara 200 nyota inavuka lenzi nzima kwa kama dakika moja, wewe bado unatafuta alenkii imeenda. Na ile stendi ya kufuata nyota waliyokuuzia, yenye mhimili wa kuelekezwa ncha ya dunia, huku kwetu huo mhimili unatakiwa ulale karibu bapa, digrii 4 tu, na nyingi hazishuki hadi hapo.

Dawa ni kutafuta nyota za kusini, zinaenda taratibu. Msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, anga ikiwa safi, tumia Canopus, ile mabaharia waliita Suheli, inakupa dakika moja na nusu na zaidi kabla haijatoka. Kuanzia Aprili mawingu ya masika yakikuruhusu kuna Acrux, ile ya chini ya Msalaba wa Kusini, inakaa zaidi ya dakika mbili, na ina zawadi ndani yake, ni nyota mbili zilizokaribiana kama sekunde nne za tao, darubini iliyopangwa vizuri inazitenganisha safi na ambayo haijapangwa inakupa kimoja kirefu. Ubaya wake haipandi juu, digrii 31 tu kwetu, hewa nzito inaitikisa.

Kwa mtikiso huo ndo ninaisifu MetaGuide. Ni programu ya bure ya Windows, inachukua video ya nyota kutoka kwa kamera, inazipanga picha moja juu ya nyingine papo hapo, ule mtetemo wa hewa unajifuta, inabaki nyota yenyewe na umbo lake, na inakuonyesha koma inaelekea wapi. Jicho linaona kitu kinachemka tu, haliwezi kuamua. Kwa wapiga picha kuna ASTAP, nayo ya bure na inakubali hadi Linux, unaipa picha ya nyota nyingi inapima ukubwa wa nyota katikati na kila pembe. Ila hapo pia mtu atumie akili, pembe moja ikiwa na nyota nene inaweza kuwa ni kamera imeinama au fokasa imelegea inalemewa na uzito, na wewe ukakimbilia skrubu za kioo bure.

Kama anga ni mawingu mwezi mzima, tengeneza nyota yako. Balbu ndogo ya LED, karatasi ya foili ya jikoni, toboa kwa ncha ya sindano, iweke mita 30 au zaidi mwisho wa korido ya shule usiku. Fokasa utaitoa nje kuliko kawaida. Haitembei, haitikisiki, bora kuliko Polaris.

Mambo ya kwetu pwani nigusie haraka. Chumvi ya bahari inakula skrubu, zikishika kutu hazigeuki taratibu tena, zinaruka, kwa hivyo badilisha utie zisizoshika kutu. Usiitoe darubini kutoka chumba chenye AC ukaipandisha paa moja kwa moja, kioo baridi kikikutana na hewa ya Mombasa kinalowa maji palepale, na usikifute, kiache kipate joto kikauke chenyewe. Na bomba lisielekezwe jua hata kidogo wakati unafanya haya mchana, kuna jicho na kuna kamera za kuungua hapo. Kwa wale wanaotumia darubini kutafuta mwezi mwandamo, ikipangwa vizuri ule wembe wa hilali unaonekana mwembamba na safi, lakini ubishi wa nani afunge na nani afungue haujatengenezewa skrubu.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Maelezo ya kazi hii yapo mengi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili mtoto wa shule ya Likoni au Changamwe akitafuta hapati. Pwani hii ndo ilorusha setilaiti ya Uhuru kutoka majukwaa ya San Marco kule Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei angani, sasa leo tushindwe na skrubu tatu? Mkituachia hata robo ya ukurasa mara moja kwa mwezi walimu wa fizikia wataikata waibandike ukutani. Na mkichapa picha ya jinsi vioo vinavyoonekana vikiwa sawa, tafadhali muwaambie wachoraji wenu wasiweke kila duara katikati, wakiacha kile kivuli cha kioo kidogo kando kidogo upande wa kioo kikubwa watakuwa wamewaokolea watu wengi kazi.

Mpenda Anga,
Tudor, Mombasa